Matembezi yetu ya hisani yalianza kwa kishindo, sasa viti ni vingi kuliko watu. Tunakosea wapi?

Katibu_Donholm
Habari zenu wadau. Mimi ni katibu wa kikundi cha majirani hapa Donholm. Kila mwaka tunaandaa matembezi ya hisani kwa ajili ya kitengo cha watoto wenye mtindio wa ubongo katika shule moja ya msingi huku Eastlands. Pesa huenda kwa viti vya magurudumu, tiba ya viungo na nepi za wale wakubwa ambazo serikali haizikumbuki. Tunatoka Jumapili asubuhi, tunafuata Jogoo Road, tunarudi kwa chakula na mnada mdogo.

Mwaka wa kwanza watu walifurika hadi tukaazima sahani kwa majirani. Wa pili tukavuka lengo. Tangu hapo ni kuteremka tu. Safari hii, tulipomaliza kulipia hema, spika na fulana, kilichobaki kilinunua kiti kimoja cha magurudumu na chenji.

Kamati imegawanyika. Kuna wanaosema watu wamechoka kutoa. Kuna wanaosema tulikosa mgeni wa heshima mwenye mfuko. Mwenyekiti anasema ni mvua. Lakini kuna matukio hapa Kenya ambayo huendelea miaka nenda miaka rudi na watu bado wanayagombania. Wenzetu wana nini?

Kijana_Umoja2
Dada, jibu liko kwenye hati ya mshahara. SHIF ya bima ya afya 2.75%, makato ya nyumba 1.5%, bado kodi ya mapato (PAYE) na NSSF ya pensheni hazijapitisha mkono. Kinachobaki kinapokelewa na landilodi. Nikifungua WhatsApp nimeingizwa kwenye kundi jipya la bili ya hospitali. La pili ni matanga. La tatu ni ruracio, yaani mahari, ya mtu niliyesoma naye darasa la nne. Ninyi mnakuja wa nne na picha ya fulana. Si roho mbaya, ni foleni.

Hesabu_Kali
Nakubaliana na Kijana nusu. Mwaka 2011 pia maisha yalikuwa magumu, unga umepanda, ukame umekaza kaskazini, na bado kampeni ya njaa ya Kenyans for Kenya ililenga milioni 500 kwa wiki nne na ikapita. Watu walituma hata shilingi 10 kwa M-Pesa. Pesa ipo, inachagua tu pa kwenda.

Swali kwa Katibu: wale waliochanga mwaka wa kwanza waliambiwa nini baadaye? Sizungumzii "asanteni, Mungu awazidishie". Nazungumzia viti vingapi, vimenunuliwa wapi, risiti iko wapi.

Katibu_Donholm
Ripoti ilikuwepo. Ilisomwa kwenye mkutano wa kamati.

Hesabu_Kali
Mkutano wa kamati 😂 Yaani mlijiripotia wenyewe, mkajipigia makofi, mkafunga kwa sala.

Dereva_Matope
Tujibu swali lililoulizwa jamani: wanaodumu wanafanya nini. Chukueni Rhino Charge, mashindano ya magari porini ya kuchangia uzio wa kulinda wanyama. Iko tangu 1989 na hadi leo kupata nafasi ya kuingiza gari ni vita. Watu hutazama matope na magari yaliyolalia ubavu, hawaoni mtambo wenyewe. Pesa huchangishwa KABLA. Kila timu ina kiwango cha chini cha michango ambacho lazima ikilete ndipo gari likubaliwe. Kwa hiyo dereva anakaa miezi akisumbua wajomba, kampuni na wateja wake. Siku ya mashindano pesa imeshapatikana. Inyeshe, isinyeshe, uzio unajengwa.

Na kuna tuzo ya timu iliyochangisha zaidi, mbali na ile ya aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Mtu anaweza kukwama kwenye korongo la kwanza na bado akapanda jukwaani kwa sababu alijua kuomba. Ninyi mnangoja mtu aje, ashibe, ndipo akumbuke kutoa. Na yote hiyo ni ya kulinda vifaru wa Mlima Kenya.

Msomaji_Tu
Marekebisho kidogo. Ilianza kwa Aberdare. Rhino Ark, shirika linalopokea pesa hizo, iliundwa 1988 kwa ajili ya uzio wa umeme wa huko, wa kilomita 400 hivi, na ulikamilika 2009. Mlima Kenya na msitu wa Eburu vilifuata baadaye. Hayo mengine sawa.

Dereva_Matope
Sawa mwalimu. Milima yote ina matope.

Msomaji_Tu
Ila hapo ndipo penye jambo ambalo umelipita. Kwa miaka 20 lengo lilikuwa uzio mmoja. Mchangaji alijua mwaka jana uliishia wapi, mwaka huu unaanzia wapi. Katibu, watu wenu wanajua kitengo kinahitaji viti vingapi kwa jumla na mmefika cha ngapi?

Katibu_Donholm
Hapana. Kila mwaka tunaandika "kusaidia watoto wenye mahitaji maalum".

Shangazi_SouthB
Mnampa huyu dada mfano wa watu ambao tairi zao nne zinalipa kodi yangu ya mwaka. Mfano wake ni Mater Heart Run. Ile imekuwepo tangu miaka ya tisini, ya kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto, na waendaji ni watu kama sisi na watoto wetu mgongoni. Fulana ndiyo tiketi. Ilikuwa inauzwa supamaketi wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, mtu anaichukua pamoja na maziwa na mkate. Hata asipotokea ameshachanga. Mimi kuna mwaka nilinunua za nyumba nzima na hakuna aliyeamka. Tulizivaa kufulia.

Kwa hiyo kwa hili nakubaliana na Dereva, pesa kabla. Magari ndiyo siyataki.

Kijana_Umoja2
Supamaketi gani itaweka fulana ya Donholm?

Shangazi_SouthB
Nani kakwambia supamaketi? Kinyozi. Duka la dawa. Wakala wa M-Pesa. Mama wa saluni anakaa na mteja saa tatu akimsuka, hizo saa tatu hawezi kutaja matembezi?

Fundi_RiverRoad
Mmenigusa, mimi nachapa fulana. Kila kamati inakuja na ugonjwa uleule. Kwanza wanataka mwaka uandikwe mkubwa mgongoni. Pili wanakisia saizi. Wanaogopa kukosa, wanaagiza XL na XXL kwa wingi, halafu wanaokuja kutembea ni wanafunzi wa darasa la sita. Maboksi yanabaki. Mwaka unaofuata hakuna anayenunua fulana ya mwaka uliopita, kwa hiyo mnachapa nyingine, na hasara inahamia nyumba ya mweka hazina.

Toeni mwaka. Wekeni jina la matembezi na mchoro mzuri. Chapeni chache, uzeni, mrudi na pesa ya nyingine. Fremu ya skrini huwa tunaihifadhi, hulipii kutengenezewa tena. Na mkitaka rangi tatu mgongoni jueni kila rangi ina fremu yake na bei yake. Rangi moja kwenye kitambaa cheusi inapendeza kuliko hiyo minara ya Nairobi mnayopenda.

Katibu_Donholm
Umejuaje kuna maboksi kwa mweka hazina?

Fundi_RiverRoad
Kila mweka hazina ana maboksi.

Mzee_wa_Kaloleni
Wanangu, mnaongea kana kwamba harambee ilizaliwa na simu. Mzee Kenyatta aliponadi wito huo 1963, watu walileta walichokuwa nacho. Mwingine mchanga, mwingine mbuzi, mwingine mikono yake miwili. Shule niliyosoma ilijengwa hivyo na kila mzee alijua dirisha lake ni lipi. Ungelivunja, alikuja mwenyewe, hakumngoja mwalimu mkuu.

Mambo yaliharibika ilipogeuka jukwaa la wakubwa. Kadi zikapitishwa maofisini, ukienda kutafuta barua unaulizwa kwanza umechanga ngapi. Siku ya siku mheshimiwa anafika amechelewa, anatoa bahasha yake na "za marafiki zangu", tarakimu zinasomwa kwa sauti, na sisi wa shilingi 20 tunapigiwa makofi ya huruma. Mtu akishazoea kwamba mkubwa ataziba pengo, hachangi tena. Anakuja kutazama na kula.

Binti yangu Katibu, nikuulize: mwaka wa kwanza mgeni wa heshima alikuwa nani?

Katibu_Donholm
Hakukuwepo, Mzee. Mwaka wa pili alikuja mwakilishi wadi. Wa tatu tulialika mheshimiwa mmoja mkubwa zaidi, akatuma msaidizi na ahadi. Ahadi hiyo bado iko njiani.

Mzee_wa_Kaloleni
Umejijibu.

Msomaji_Tu
Mzee, kwa heshima, si kila mkubwa ni hasara. Margaret Kenyatta, akiwa mke wa Rais, alianzisha Beyond Zero, kampeni ya afya ya mama na mtoto, 2014, mwaka huohuo akakimbia London Marathon mwenyewe, na pesa zikanunua kliniki tamba za kaunti 47. Angekuwa mtu wa kawaida, nani angetoa?

Hesabu_Kali
Na muhula wa Ikulu ukiisha? Jina kubwa linakupa mwaka mmoja au mitano. Katibu anauliza namna ya kufika kumi.

Wakili_wa_Mtaa
Isitoshe, siku hizi mheshimiwa ana pa kujificha. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilishaanza kuwabana kuhusu kuitisha michango. Julai 2024, baada ya maandamano ya Gen Z, Rais Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee, na muswada wa kuratibu michango ya umma ukapelekwa Seneti.

Kamaa_TenaTena
Kumbe harambee zimepigwa marufuku? Basi nifute haya makundi yote 😂

Wakili_wa_Mtaa
Hapana, usikimbie. Tangazo liliwahusu maafisa wa serikali na watumishi wa umma. Wewe bado unadaiwa.

Nikiwa hapohapo, Katibu, mnatembea barabarani. Sheria inataka polisi wa eneo wapewe taarifa si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano ya aina yoyote. Kuchangisha kwa umma kuna sheria yake, Sura ya 106. Mkiuza tiketi za bahati nasibu mnahitaji kibali cha michezo ya kubahatisha. Muziki una leseni yake ya hakimiliki. Mkiyaacha haya yote yafike wiki ya mwisho, mnayalipia kwa haraka, na haraka ina bei.

Spika_za_Kukodi
Mimi huwa nyuma ya mitambo, kwa hiyo naona nyuso. Harambee ya Nairobi ina saa moja tu ya pesa. Watu wakirudi kutoka matembezini, jasho bado bichi, wamefurahi, wanacheka na wasiowajua. Hiyo ni saa sita hivi. Ukishika kipaza sauti hapo, wanatoa. Lakini programu inasema: sala, wimbo wa taifa, utambulisho wa meza kuu, salamu za mwenyekiti, salamu za katibu, historia ya kikundi, shairi, salamu za mdhamini, chakula, NDIPO mnada. Saa tisa unusu. Wenye magari wameshaondoka, wenye watoto wadogo wameondoka, waliobaki ni kamati na waliokuja kula.

MC akishaanza kusema "tafadhali msiondoke" mimi huanza kukunja nyaya.

Shangazi_SouthB
Hili ni kweli tupu.

Kamaa_TenaTena
Mnada! Tuambieni ya mnada. Kanisani kwetu Githurai kuna jogoo aliuzwa hadi nikamwonea huruma. Mama mmoja alimleta, akauzwa elfu mbili, mnunuzi akamrudisha "auzwe tena kwa ajili ya Bwana". Elfu tatu. Akarudishwa. Akaenda hivyo ibada nzima, mikono kwa mikono, miguu imefungwa utepe wa keki. Mwisho akawa amelala chini ya meza ya mweka hazina, jicho moja wazi, hataki tena kusikia jina la mtu.

Kijana_Umoja2
Huyo jogoo alichanga kuliko baraza la wazee.

Fundi_RiverRoad
Nani alimla mwishoni?

Kamaa_TenaTena
Nasikia mweka hazina. Ndiye mtu pekee ambaye hakumnunua.

Hesabu_Kali
Turudini. Ule mnada wa jogoo una siri ndani yake: gharama yake ni sifuri. Katibu, hebu taja bajeti. Si jumla ya mapato. Nataka kilichoingia na kilichotoka.

Katibu_Donholm
Hema mbili na viti mia mbili, spika na MC, chakula, fulana, maji ya chupa, ambulansi ya kusubiri, bango. Mwaka wa kwanza hakukuwa na hema. Tulikaa uwanjani chini ya miti, chakula tulipika wenyewe nyumbani kila mtu sufuria yake. Sasa tunaajiri watu wa upishi. Matumizi yamepanda kila mwaka, mapato yamekwenda upande wa pili.

Hesabu_Kali
Basi harambee yenu haijafifia. Imevaa suti. Waliokuja mwaka wa kwanza walikuja kwa majirani wenye sufuria, wakakuta siku hizi kuna huduma ya upishi na meza kuu yenye maua. Akiona hayo mtu anajiambia hawa wana pesa zao.

Spika_za_Kukodi
Ambulansi msiikate lakini. Kuna mwaka mzee mmoja alianguka karibu na mzunguko wa City Stadium, jua limepanda. Maji na ambulansi vibaki. Kata bango, kata maua, nipunguzieni hata mimi, spika mbili zinatosha.

Kijana_Umoja2
Bado nauliza kwa nini mnakusanyika kabisa. 2024 waliojeruhiwa kwenye maandamano walichangiwa mamilioni kupitia M-Changa, jukwaa la michango mtandaoni, kwa siku chache. Hakuna hema, hakuna pilau, hakuna salamu za meza kuu. Safaricom wameshatujengea mtambo, sisi bado tunakodi viti.

Msomaji_Tu
M-Changa si ya Safaricom. Ni kampuni yake yenyewe, ilianza 2012, inapokea kupitia M-Pesa na njia nyingine, na inakata ada. Lakini hoja yako inaeleweka.

Shangazi_SouthB
Hoja inaeleweka, ila si ya hapa. Ile ilikuwa damu mbichi. Kenyans for Kenya ya Hesabu pia ilikuwa njaa ya wiki ile kwenye televisheni. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo atahitaji nepi mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa ishirini, na hakuna siku atakayokuwa habari ya saa moja. Huruma ya ghafla haibebi mzigo wa aina hiyo.

Hesabu_Kali
Shangazi umenikata miguu. Napokea.

Lakini hapo ndipo naona 100 bob ya kila mwezi inashinda. Watu mia tatu, shilingi mia, unajua mwezi utakuwa na nini. Na msitumie simu ya mweka hazina. Mnatumia?

Katibu_Donholm
Tunatumia simu ya mweka hazina.

Hesabu_Kali
Laini ya kawaida ya M-Pesa haibebi zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja mwisho 250,000. Najua mwaka huu hilo halikuwasumbua 😂 Ila shida kubwa ni jina. Mtu wa mbali akituma, anaona jina la mtu binafsi asiyemjua. Kidole kinasita. Chukueni Paybill, namba ya malipo ya M-Pesa, kwa jina la kikundi, iunganishwe na akaunti ya benki yenye sahihi tatu.

Mzee_wa_Kaloleni
Shilingi mia ya kila mwezi ni jambo jema. Lakini mkiondoa siku ya kukutana, mwaka wa tatu hamtajuana. Mimi nimekaa Kaloleni maisha yangu yote, jirani wa mlango wa tatu nilimjua kwenye harambee ya kanisa. Pesa ile sijui ilienda wapi. Jirani ninaye.

Kijana_Umoja2
Mzee, lakini 2020 Standard Chartered Marathon ilikimbiwa kwa programu ya simu, kila mtu mtaani kwake. Haikufa.

Dereva_Matope
Haikufa kwa sababu 2021 walirudi barabarani. Ingebaki kwenye simu mwaka wa tatu ungeona.

Jirani_Mwema
Samahani kuingilia. Mimi mwanangu yuko kwenye kitengo kama hicho, shule nyingine. Kuna jambo hamjaligusa. Mara mbili tumealikwa kwenye sherehe za kuchangisha, watoto wetu wakapangwa mbele kwenye viti vyao juani, MC akasema "watazameni hawa". Mwanangu ana miaka 14. Anaelewa kila neno. Hatujarudi, na wazazi wengine hawajarudi. Nanyi mkikosa wazazi mmekosa watu ambao wangewauzia fulana kwa moyo wote.

Mwaka mmoja kikundi kingine kiliwauliza wazazi kwanza tunahitaji nini. Tukasema njia ya mteremko kwenye choo, kwa sababu kiti cha magurudumu kisichoingia chooni ni pambo. Wakajenga. Tulitembea nao wote, nikimsukuma mwanangu mwenyewe, na kila shangazi na mjomba nilimwomba pesa bila haya.

Shangazi_SouthB
Mama, asante. Katibu, hii isome mara mbili.

Katibu_Donholm
Nimesoma. Wazazi wetu walikuja wengi mwaka wa kwanza. Nilidhani wamechoka.

Jirani_Mwema, jambo la choo hatujawahi kuuliza. Nitaenda shuleni Jumatatu.

Kuna kingine. Mlivyoanza kunihoji nimetoa daftari la mwaka wa kwanza. Karibu nusu ya pesa iliingia kupitia mwanakamati mmoja aliyekuwa akifanya kazi benki. Alizungusha kadi ofisini kwake ghorofa kwa ghorofa. Alihamishiwa Nakuru kabla ya mwaka wa tatu. Hakuna aliyemwomba orodha ya watu wake.

Dereva_Matope
Haya! Mambo ya mgeni wa heshima na pilau yote kando. Mlikuwa na mtu mmoja anayejua kuomba, akahama. Ile ni timu yenu ya Rhino Charge, na dereva alikuwa mmoja tu.

Hesabu_Kali
Sikubali. Angekuwa bado Donholm, wenzake wa benki wangeuliza mwaka wa tatu "zile za mwaka jana zilifanya nini?" na angekosa jibu. Orodha bila ripoti inakauka vilevile.

Mzee_wa_Kaloleni
Nami sikubaliani na wote wawili. Nusu ya pili ilitoka kwa nani? Majirani. Nao wamepungua, na hawakuhamia Nakuru.

Wakili_wa_Mtaa
Kwa kampuni, ongeza kwamba barua zinapelekwa zimechelewa. Bajeti za misaada hupangwa kabla mwaka wa fedha haujaanza. Ukipeleka barua wiki tatu kabla ya matembezi unapewa katoni za maji na kalenda. Na kampuni inapenda mchango ambao inaweza kuutoa kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo ikichangia kupitia shirika lililosajiliwa lenye cheti cha msamaha kutoka mamlaka ya kodi, KRA, mambo yanakuwa mepesi. Kikundi cha mtaa kinaweza kushirikiana na shirika kama hilo badala ya kuanza safari ya usajili leo.

Mwenyekiti_Halisi
Nimetumiwa huu uzi na watu wanne. Mimi ndiye mwenyekiti. Bado nasema ni mvua. Tunatembea mwishoni mwa Aprili, masika yako palepale, shule zinafunguliwa, karo inadaiwa. Mnasema mambo makubwa ya ripoti na jogoo, lakini mwaka wa kwanza tulitembea Juni.

Kamaa_TenaTena
😂😂😂 Mwenyekiti amefika na viatu vya mvua.

Msomaji_Tu
Ana hoja lakini. Lewa Safari Marathon ilianza 2000 na kwa kawaida huwa mwishoni mwa Juni. Rhino Charge inafanyika karibu na sikukuu ya Madaraka, Juni mosi. Watu wanapanga likizo kwa kuzifuata. Kwa nini mliiacha Juni?

Mwenyekiti_Halisi
Mheshimiwa alikuwa na nafasi Aprili tu.

Mzee_wa_Kaloleni
Sina la kuongeza.

Katibu_Donholm
Mwenyekiti, karibu, tuendelee hapa au kwenye kikao? Kikao ni Jumamosi saa nane. Ninachopeleka: tarehe irudi Juni na isihame tena, wazazi waingie kwenye kamati, fulana bila mwaka, Paybill. Kuhusu kuacha hema bado sijui, kuna kina mama wazee hawawezi kukaa juani. Na kuhusu 100 bob ya kila mwezi najua mweka hazina atasema ni kazi ya kumfukuza mtu kila tarehe mbili.

Hesabu_Kali
Mwambie mweka hazina afukuze robo mwaka, si kila mwezi. Na ripoti itoke kabla hamjaomba tena. Iwe ya kurasa mbili, yenye picha ya risiti. Picha ya watoto waulize wazazi.

Kijana_Umoja2
Mkirudi Juni nitakuja kutembea. Kuchanga tutaongea.

Shangazi_SouthB
Wewe utanunua fulana mbili kwa maneno hayo.

Spika_za_Kukodi
Juni nina nafasi Jumapili ya pili na ya nne. Mnada uwe kabla ya chakula, la sivyo bei ni ileile ya mwaka huu.

Mgeni_Kasarani
Samahani wadau, nimefuata tangu juu. Sisi tuna chakula cha jioni cha kuchangia karo, tiketi elfu tatu, tunafanya kila Novemba. Tatizo letu ni kinyume, watu wanajaa na pesa haibaki. Nifungue uzi mwingine au niulize hapahapa?

Hesabu_Kali
Ulizia hapahapa. Anza kwa kutuambia sahani moja inawagharimu ngapi.